Mchoro wa Umeme Hutangulia Mashine

(Mazungumzo baada ya habari, kwa wasikilizaji wa jeshi na polisi)



Kila aliyepata kusimama katika uwanja wa gwaride anafahamu kwamba kikosi chenye watu wenye afya na nguvu kinaweza kuharibika kwa sababu moja tu, nayo ni safu ya kushoto kuchelewa hatua moja. Amri imetoka, safu ya kulia imeisikia na kuitii papo hapo, lakini safu ya kushoto imeipata ikiwa imechelewa. Hakuna askari aliyegoma, wala hakuna aliyechoka, lakini kikosi kizima kinayumba, na nguvu nyingi zinapotea bure.

Moyo wa mwanadamu nao hupatwa na hali kama hiyo. Kwa muda wa miaka 30 hivi madaktari wamekuwa na mashine ya kuurudisha moyo wa namna hiyo katika mwendo mmoja. Mashine hiyo imeokoa maisha ya watu wengi, lakini haimfai kila anayewekewa. Kwa hiyo swali kubwa ambalo wataalamu wamekuwa wakilishughulikia ni hili: je, inawezekana kujua mapema, kabla ya mgonjwa kupasuliwa, ni nani atakayefaidika na ni nani ambaye hatafaidika? Jibu walilolipata lina mafunzo kwa kila mtu anayefanya kazi ya kupima hali na kutoa uamuzi.

Kwanza yafaa kueleza jinsi moyo unavyopata amri zake. Katika chumba cha juu cha upande wa kulia pana sehemu ndogo ya nyama ya moyo inayozalisha umeme hafifu. Umeme huo huenea katika vyumba vya juu, hupita katika lango moja lililo katikati ya moyo, kisha huingia katika njia inayogawanyika kuwa matawi mawili. Tawi moja hupeleka amri katika chumba cha chini cha kulia, kinachosukuma damu mapafuni. Tawi la pili hupeleka amri katika chumba cha chini cha kushoto, chenye kazi nzito ya kusukuma damu mwilini mwote. Katika moyo ulio mzima, amri hiyo huvifikia vyumba vyote viwili vya chini kwa pamoja, katika muda ulio mfupi kuliko sehemu ya kumi ya sekunde.

Umeme huo unaweza kupimwa juu ya ngozi. Mwanzoni mwa karne ya 20, mwanasayansi wa Uholanzi, Willem Einthoven, alitengeneza chombo kilichoweza kuuchora vizuri, na mwaka 1924 alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Yeye ndiye aliyeyapa mawimbi ya mchoro huo herufi ambazo hata leo hutumiwa na madaktari wote duniani: P, Q, R, S na T. Wimbi la QRS, ambalo ndilo refu na lenye ncha, ni alama ya amri inapoingia katika vyumba vya chini.

Karatasi ya mchoro huo ina miraba midogo, na kwa kawaida hupita katika mashine kwa mwendo wa milimita 25 kwa sekunde. Kila mraba mdogo, basi, ni muda wa milisekunde 40, yaani sehemu 40 kati ya elfu moja za sekunde. Upana wa QRS ukifika miraba mitatu, maana yake ni milisekunde 120, na hapo daktari hujua kwamba amri inachelewa mahali fulani. Muuguzi aliyefundishwa vizuri anaweza kuihesabu miraba hiyo kwa macho yake, akiwa katika zahanati ya kikosi.

Sasa linapozibika lile tawi la kushoto, amri hupita upande wa kulia peke yake. Ili ifike kushoto, haina budi kupenya katika nyama ya moyo yenyewe, kama mjumbe ambaye barabara yake imefungwa akalazimika kupita porini. Ukuta wa katikati ya moyo hujikunja kwanza, na ukuta wa nje wa upande wa kushoto hujikunja baadaye, wakati ule wa kwanza umekwisha kulegea. Damu huyumbishwa huku na huku badala ya kutoka nje. Moyo uliokwisha kudhoofika kwa maradhi mengine huzidi kupanuka. Mgonjwa hukosa pumzi akipanda ngazi, miguu humvimba, na usiku hawezi kulala bila kuinuliwa kwa mito.

Mashine inayotibu hali hiyo ni ndogo, hutosha katika kiganja. Hupandikizwa chini ya ngozi karibu na mfupa wa mtulinga, nayo hutoa nyaya tatu. Waya wa kwanza hupelekwa katika chumba cha juu cha kulia, wa pili katika chumba cha chini cha kulia, na wa tatu hupitishwa ndani ya mshipa mpaka nje ya ukuta wa kushoto. Kwa kila pigo, mashine huviamrisha vyumba vya chini vya pande zote mbili kwa pamoja. Kwa lugha ya gwaride, mashine haimwongezei askari nguvu. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba amri inawafikia wote kwa wakati mmoja.

Mwaka 1994 madaktari wa Ufaransa, akiwamo Serge Cazeau, walichapisha taarifa ya mwanamume mwenye umri wa miaka 54 ambaye moyo wake ulikuwa umefikia hatua ya mwisho ya udhaifu. Upana wa QRS yake ulikuwa milisekunde 200. Walimwekea nyaya za kuamrisha vyumba vyote vinne vya moyo. Baada ya wiki sita uvimbe ulikuwa umekwisha, na uzito wake ulikuwa umepungua kilo 17, kwa sababu maji yaliyokuwa yamejaa mwilini yalitoka.

Majaribio makubwa yalifuata. Mojawapo lilifanyika barani Ulaya na matokeo yake yakatangazwa mwaka 2005. Wagonjwa 813 waligawanywa katika makundi mawili. Kundi moja lilipewa dawa peke yake, na la pili lilipewa dawa pamoja na mashine. Katika muda wa wastani wa miezi 29, wagonjwa 30 kati ya kila 100 wa kundi la dawa walifariki. Katika kundi la mashine walifariki 20. Hapakuwa tena na shaka kwamba mashine hiyo inaokoa maisha.

Hata hivyo, hesabu hiyo ilikuwa na upande wa pili. Kadiri mashine ilivyozidi kutumika, madaktari waliona kwamba karibu mgonjwa mmoja kati ya watatu hapati nafuu inayoonekana. Mtu huyo amepasuliwa, amebeba hatari ya usaha na ya waya kuhama, na atahitaji kubadilishiwa betri baada ya miaka kadhaa, lakini pumzi yake ni ile ile. Katika nchi tajiri hilo ni hasara. Katika nchi ambayo mashine moja huagizwa kwa fedha za kigeni na wanaoihitaji wamepanga foleni, hilo ni jambo la uhai wa mtu mwingine, kwa maana mashine iliyowekwa mahali pasipofaa imenyimwa mahali palipofaa.

Ndipo ulipozuka mjadala juu ya namna ya kuwachagua wagonjwa. Wataalamu wengi walifikiri kwamba mchoro wa umeme ni kipimo cha kizamani. Walisema kwamba ugonjwa wenyewe ni wa mwendo, kwa hiyo mwendo ndio unaopasa kutazamwa. Nao walikuwa na chombo cha kuutazama: mashine ya mawimbi ya sauti, inayoonyesha kuta za moyo zikicheza katika kioo. Hoja hiyo ilikuwa na mantiki na iliungwa mkono na watu wenye sifa. Ilibaki kujaribiwa.

Jaribio la kwanza lilichapishwa mwaka 2008. Wagonjwa 498 kutoka vituo 53 vya Ulaya, Marekani na Hong Kong walipimwa kwa njia 12 mbalimbali za mawimbi ya sauti kabla ya kuwekewa mashine. Hapana hata njia moja kati ya hizo 12 iliyoweza kutabiri kwa uhakika wa kutosha ni nani atakayepata nafuu. Zaidi ya hayo, wataalamu wawili waliotazama picha moja walitofautiana mno katika vipimo vyao.

Jaribio la pili lilikuwa zito zaidi, na matokeo yake yalitangazwa mwaka 2013. Safari hii walichaguliwa wagonjwa 809 ambao QRS yao ilikuwa nyembamba, chini ya milisekunde 130, lakini picha za mawimbi ya sauti zilionyesha kwamba kuta za moyo haziendi pamoja. Wote waliwekewa mashine. Kwa nusu yao, kazi ya kusawazisha mapigo iliwashwa. Kwa nusu nyingine haikuwashwa. Jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati wake. Katika nusu ambayo mashine haikuwashwa walikuwa wamefariki watu 26. Katika nusu iliyowashwa walikuwa wamefariki 45.

Ndugu wasikilizaji, takwimu hizo zinastahili kufikiriwa kwa makini. Mashine ile ile iliyookoa wagonjwa wa mwaka 2005 iliwadhuru hawa. Sababu yake si ngumu kuielewa. Kwa hawa, amri ya umeme ilikuwa ikifika kwa wakati wake, na udhaifu wa kuta ulitokana na jambo jingine. Mashine ilipoingia kati ilivuruga amri iliyokuwa sahihi. Ni kama ofisa anayeona safu imeyumba kwa sababu uwanja una mashimo, naye akaamua kubadilisha mpiga ngoma.

Basi mchoro wa umeme ulirudi mahali pake, na ukasomwa kwa makini zaidi kuliko zamani. Jambo la kwanza linalosomwa ni upana wa QRS. Jambo la pili ni umbo lake, yaani kama linaonyesha kwamba lililoziba ni tawi la kushoto. Jaribio jingine kubwa, lililokuwa na wagonjwa 1,820 na kutangazwa mwaka 2009, lilichambuliwa upya mwaka 2011. Ilionekana kwamba faida yote ilikuwa kwa wale waliozibika tawi la kushoto. Wale ambao QRS yao ilikuwa pana kwa sababu nyingine, kama vile kuziba kwa tawi la kulia, hawakupata faida iliyodhihirika.

Kwa misingi hiyo, mwongozo wa madaktari wa moyo wa Ulaya wa mwaka 2021 unaweka ngazi zilizo wazi. Moyo uwe unasukuma asilimia 35 au pungufu ya damu iliyomo katika chumba cha kushoto kwa kila pigo, wakati moyo mzima husukuma zaidi ya nusu. Mgonjwa awe amekwisha kutumia dawa zinazotakiwa kwa angalau miezi mitatu. Hapo ndipo mchoro unapotazamwa. Akiwa amezibika tawi la kushoto na QRS yake ikiwa milisekunde 150 au zaidi, mashine inapendekezwa kwa nguvu zote. Ikiwa kati ya 130 na 149, inafaa kufikiriwa. Ikiwa chini ya 130, haipendekezwi, isipokuwa kama mgonjwa ana sababu nyingine ya kuhitaji mashine ya kuendesha mapigo ya moyo.

Hapa yafaa kutaja jambo linalowahusu akina mama na akina dada waliomo katika majeshi yetu. Moyo wa mwanamke kwa kawaida ni mdogo kuliko wa mwanamume, kwa hiyo amri ya umeme ina safari fupi zaidi. Milisekunde 135 kwa mwanamke yaweza kuwa dalili ya ucheleweshaji mkubwa, na kwa mwanamume ikawa dalili ndogo. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2014, uliounganisha majaribio matatu yenye wagonjwa zaidi ya 4,000, ulionyesha kwamba kati ya milisekunde 130 na 149 wanawake waliozibika tawi la kushoto walifaidika sana, lakini wanaume wa kipimo hicho hicho hawakuonyesha faida ya wazi. Wanawake walikuwa wachache katika majaribio ya mwanzo, na kanuni zilizotungwa zilifuata miili ya wanaume.

Upimaji hauishii katika karatasi. Mgonjwa akiwa tayari amelala juu ya meza ya upasuaji, daktari anaweza kupima umeme kutoka katika ncha ya waya wa kushoto. Hupima muda kuanzia QRS inapoanza mpaka umeme unapofika pale waya ulipo. Muda huo ukiwa mrefu, maana yake waya umewekwa mahali panapochelewa zaidi, yaani panapohitaji msaada zaidi. Katika uchunguzi wa wagonjwa 426 uliochapishwa mwaka 2011, wagonjwa waligawanywa katika robo nne kwa kufuata muda huo. Katika robo ya muda mfupi kabisa, mioyo 39 hivi kati ya 100 ilirudi kupungua ukubwa kuelekea hali njema. Katika robo ya muda mrefu kabisa, ilikuwa 68. Kwa hiyo waya uliowekwa mahali pasipochelewa, au juu ya kovu lisilopitisha umeme, unaweza kuiharibu kazi nzima hata kama mgonjwa alichaguliwa vizuri.

Baada ya upasuaji mchoro huchukuliwa tena. QRS iliyopungua upana ni dalili njema. Mashine nayo huhesabu ni mapigo mangapi imeyaamrisha, na madaktari hutaka hesabu hiyo ikaribie mapigo yote. Kama vyumba vya juu vinapiga ovyo bila mpangilio, mapigo mengi huiponyoka mashine, na faida hupungua. Tatizo hilo lina tiba yake, mradi lionekane mapema.

Pamoja na hayo yote, haifai kuufanya mchoro kuwa kauli ya mpiga ramli. Kipimo hiki hutoa uwezekano, hakitoi hukumu. Wapo wenye milisekunde 160 ambao hawakupata nafuu, na wapo wenye 140 waliorudi mashambani mwao wakilima. Mgonjwa ambaye hali yake ilikuwa ikiporomoka kila mwezi, kisha ikasimama pale pale baada ya kuwekewa mashine, pengine amefaidika bila kuonekana. Wataalamu wa Maastricht nchini Uholanzi na wa mahali pengine wanaendelea kutafuta njia bora zaidi za kusoma umeme huo huo, na siku hizi kompyuta nazo zinafunzwa kuisoma michoro hiyo. Lakini msingi umebaki ule ule.

Pengine msikilizaji atauliza: habari hizi za Ulaya na Marekani zinatuhusu nini sisi wa Afrika? Zinatuhusu sana. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2012 uliwafuata wagonjwa 1,006 waliolazwa kwa kushindwa kwa moyo katika nchi tisa za Afrika, zikiwamo Uganda, Kenya, Msumbiji, Sudan na Ethiopia. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 52. Huo ni umri wa sajini meja, wa mkaguzi wa polisi, wa mzazi mwenye watoto shuleni. Sababu kubwa kuliko zote ilikuwa shinikizo la damu, lililokutwa kwa wagonjwa 45 hivi kati ya kila 100. Katika siku 180, karibu 18 kati ya 100 walikuwa wamefariki.

Takwimu hizo zinaonyesha kwamba kazi kubwa ya kwanza katika nchi zetu haianzii kwenye mashine ya nyaya tatu. Inaanzia kwenye kupima shinikizo la damu na kunywa dawa kila siku bila kukatiza. Lakini zinaonyesha pia kwamba wapo watu ambao dawa peke yake haitawatosha, na kwamba watu hao wanaweza kutambuliwa kwa chombo kidogo kinachobebeka. Mashine ya kutibu ni ghali na iko katika hospitali chache. Mchoro wa kumtambua anayeihitaji ni rahisi, na unaweza kufanyika mbali sana na mji mkuu. Palipo na uhaba, kipimo rahisi kinachoaminika kina thamani kubwa zaidi, kwa kuwa ndicho kinachoamua kwamba kile kidogo kilichopo kimfikie nani.

Kwa askari, basi, yako mambo ya kuzingatia. Askari anayekosa pumzi katika mazoezi aliyokuwa akiyamudu mwaka jana, ambaye viatu vinambana jioni kwa sababu ya uvimbe, au anayeamka usiku akitafuta hewa, aende kwa daktari bila kuona haya. Wengi hunyamaza wakiogopa kuondolewa kazini au kuonekana wazembe. Wahenga walisema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, na moyo ni ugonjwa usiosubiri. Aidha, anayechorwa mchoro wa umeme aombe nakala na kuitunza pamoja na hati zake, kwa sababu mchoro wa leo husomwa vizuri zaidi ukilinganishwa na wa miaka mitano iliyopita. Naye mkuu wa kikosi ajue kwamba kumruhusu askari akapimwe ni sehemu ya kulinda nguvu za kikosi.

Ndugu wasikilizaji, katika kisa hiki wataalamu wenye vyombo vya kisasa walidharau mstari ulioanza kuchorwa zaidi ya miaka 100 iliyopita. Waliijaribu hoja yao hadharani, wakakuta imeshindwa, wakakiri, na wakalisimamisha jaribio kabla ya wakati wake. Kukiri huko kumeokoa maisha sawa na mashine yenyewe. Anayepewa madaraka ya kuamua juu ya maisha ya wenzake, awe daktari au awe kamanda, anapaswa kupima kwanza, kuamini kipimo kilichothibitishwa hata kama ni cha kawaida, na kuwa tayari kurudi nyuma pindi matokeo yanapomwonyesha kwamba amekosea njia.